Barua kwa mwanangu: presha, jimu na chumvi ya mezani

Tukuyu, Rungwe

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo, ila baridi ya mwaka huu haina huruma. Meseji yako nimeisoma. Unasema walipowapima kazini presha yako ilisoma 146 kwa 92, na sasa unauliza ujiunge na jimu au nikutumie chakula cha nyumbani, maana "huko hamuugui".

Nianze na hilo la mwisho, kwa sababu si kweli. Ungefika huku siku ya kliniki ya presha ungewaona wazee wa shambani walivyojaa kwenye mabenchi, watu waliopanda vilima hivi tangu utoto. Jembe halikuwakinga na chumvi. Kwetu mboga yenye chumvi kidogo huitwa chakula cha mgonjwa.

Kwa hiyo mimi ningeanza na chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku nzima, yaani kama kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya mkate, ya chipsi na ya viungo vya paketi. Sasa jihesabie. Asubuhi supu, na kabla hujaionja umeshainyunyizia. Mchana wali maharage kwa mama ntilie. Jioni chipsi mayai, chumvi tena juu yake. Chumvi ikizidi, mwili unashikilia maji, damu inaongezeka kwenye mishipa, na moyo unasukuma kwa nguvu kuliko inavyopasa. Wala hutasikia kitu. Presha haibishi hodi.

Ukipika mwenyewe, unga maharage kwa kitunguu saumu, tangawizi, hoho na nyanya za kutosha. Chumvi itie mwishoni, kidogo, kisha kamulia ndimu. Mwanzoni utanung'unika, lakini ulimi huzoea.

Jimu sikukatazi kama hela ipo. Ila kinachotakiwa ni angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukuhemesha kidogo. Shuka daladala kabla ya kituo chako, utembee nusu saa siku tano, umemaliza. Sigara najua huvuti. Bia za wikendi zipunguze, na usiku lala, acha simu.

Halafu kipimo kimoja hakitoshi. Rudia siku nyingine. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Usiwe umetoka kunywa kahawa wala umebanwa na mkojo. Ikiendelea kusoma 140 kwa 90 au zaidi, nenda kwa daktari, usiniulize mimi. Akikuandikia dawa, meza. Wako wanaoziacha siku wanapojisikia vizuri, na hao ndio wanaotutia hofu. Baba yako anameza zake kila asubuhi bila kusukumwa, ingawa mchuzi wenye chumvi ndogo bado anauita uonevu.

Nimekuandalia mzigo: unga wa dona, ambao haujakobolewa kama hiyo sembe unayonunua, maharage, na maparachichi. Utaupokea kesho jioni stendi ya Magufuli, Mbezi. Namba ya kondakta nakutumia. Maparachichi hayajaiva, yafunge kwenye gazeti. Na usiyale kwa chumvi.

Vipimo vipya nitumie kwa meseji.

Mama yako