Mama mkwe hataki "asante" yangu

Anti, shikamoo. Niliolewa na Mchina mwaka jana, tunaishi Guangzhou. Kila Jumapili ukoo mzima hukusanyika kwa mama mkwe. Mimi nimelelewa Tanga, kwetu asante haikauki mdomoni. Juzi mama mkwe kamwambia mume wangu: "Mbona mkeo anatushukuru kama mgeni?" Nililia. Sili nguruwe, hivyo huwa ananipikia samaki wangu kando, lakini hata hapo nikishukuru ananuna. Bakuli langu linajazwa hata nikisema nimeshiba, na mashangazi wanauliza nitazaa lini. Mwaka mpya wao unakaribia, natamani kuukimbia.
Mke wa Guangzhou

Marahaba, mwanangu. Futa machozi, maana hilo lililokuliza mimi naliona habari njema. Wachina wana msemo kwamba watu wa nyumba moja hawasemi maneno ya nyumba mbili. Asante ya kila dakika, masikioni mwa mama huyo, ni ya mtu anayelipa deni lake aondoke. Anachotaka ni uache kukaa mlangoni.

Hebu soma tena barua yako mwenyewe. Mama wa watu anabandika chungu cha pili kila Jumapili kwa ajili yako peke yako! Hiyo ndiyo "nakupenda mwanangu" yake, na jibu lake ni kula. Akikuwekea mnofu bakulini, ule mbele yake, kisha na wewe umchagulie kipande kizuri umwekee kwa vijiti vya kupakulia. Ukishiba kweli, bakiza kidogo bakulini, kwa sababu bakuli tupu hujazwa tena. Na vijiti usivisimamishe ndani ya wali, hufanana na udi wa kuombea wafu.

Hapo Guangdong, jimbo lenu, kuna shukrani isiyo na maneno hata kidogo. Mtu akikumiminia chai, gonga meza taratibu mara mbili tatu kwa vidole viwili, cha shahada na cha kati. Jumapili hii jaribu, umtazame mama mkwe usoni.

Lakini la kwanza kabisa ni kuamkia. Kule adabu ya mtoto hupimwa mlangoni: unamwita kila mkubwa kwa cheo chake, kuanzia aliye mkubwa zaidi. Hapa wewe Mswahili una bahati ambayo Mzungu hana. Yeye ana "uncle" na "aunt" tu kwa wote; wewe umekua na baba mkubwa, baba mdogo, shangazi na mjomba. Kwa Kimandarini, yaani Kichina rasmi, ni bobo, shushu, gugu na jiujiu, mpangilio ni uleule! Muulize mumeo nyumbani kwao wanatamkaje kwa Kikantoni, Kichina cha huko Guangzhou, ujifunze mpaka ulimi uzoee.

Kuhusu mtoto, hapo sikubaliani na mashangazi, inauma. Ila jibu hilo si lako peke yako. Mumeo alichukue yeye, tena mkubaliane kabla hamjatoka nyumbani.

Mwaka mpya usiukimbie. Mkesha ni tarehe 16 Februari 2026, na chakula cha usiku huo ndicho kinachowarudisha watoto nyumbani kutoka kila pembe ya China. Beba machungwa, usibebe saa ya ukutani wala mapeari, kwa lugha yao majina yake yana mkosi wa kifo na kutengana. Mmeshaoana, kwa hiyo nyie ndio watoaji wa bahasha nyekundu kwa watoto na kwa wasiooa. Tieni noti mpya, toeni kwa mikono miwili. Guangdong hawashindani, yuan 10 au 20 kwa mtoto wa jirani zinatosha. Ya mama mkwe iwe nono, na asipoifungua mbele yako usinune, ndiyo adabu yao.

Kisha ingia jikoni umenye vitunguu naye, hata kama hamuelewani lugha. Ukirudi uniandikie alikuitaje.