Kabla ya Kuhasi Kondoo, Jua Utamuuza Lini

Kila msimu wa kuzaa wafugaji wenzangu huniuliza: nihasi au nisihasi? Nami huwauliza: utamuuza akiwa na miezi mingapi?

Huku Kajiado nafuga chotara wa Dorper, kondoo wa nyama, na kondoo wa Kimaasai, wanaokula nyasi na chumvi tu. Dume asiyehasiwa hukua upesi, kwani homoni za pumbu hujenga misuli. Aliyehasiwa huanza kuweka mafuta mapema. Ila kabla ya miezi minne au mitano tofauti ni ndogo, na nyasi zikikauka hupungua zaidi: homoni haijengi msuli tumbo likiwa tupu. Kwa hiyo kama unauza kabla ya miezi sita, waache walivyo.

Shida huanza ukiwakawiza. Dume wa miezi sita anaweza kumpa mimba dada yake, na badala ya kula, anashinda akipanda na kupigana. Wazee wa Kimaasai humfunga dume kipande cha ngozi tumboni asipande, na kwa dume wa mbegu sijaona njia bora zaidi. Wengine utakaowaweka hadi mwaka, wahasi. Nyama ya dume mzee ni nyeusi, ngumu, na ina harufu kali; ya aliyehasiwa ni laini na ina utando wa mafuta usioiacha ikauke. Harufu yote usiitupie pumbu, lakini. Nyasi nazo zina ladha yake, na kwenye choma ya kondoo mchanga ni wachache watakaotofautisha.

Ukihasi, hasi mapema. Raba, pete ya mpira inayobana juu ya pumbu, huwekwa wiki ya kwanza, mtoto akishanyonya dang'a, yaani maziwa ya kwanza ya mama; hakikisha pumbu zote mbili zimeshuka chini ya raba. Aliyekua kidogo hubanwa kwa koleo la kuhasi, kila mshipa wa pumbu peke yake. Mwombe daktari wa mifugo dawa ya maumivu, na mama achanjwe pepopunda kabla ya kuzaa.

Wateja wangu wa Idi ya kuchinja hupenda dume asiyehasiwa, ingawa aliyehasiwa pia anafaa kwa sheria ya Kiislamu. Bakiza wachache kwa ajili yao, ukikumbuka kuwa Idi huja mapema kwa siku kama 11 kila mwaka: waliotimiza umri wa kuchinjwa mwaka huu, wenzao wa msimu kama huo mwakani huenda wakawa bado wadogo.