Profesa wa Kodi Aliyefika Ikulu ya Ghana

SWALI: Mwalimu, pokea salamu nyingi kutoka Njoro. Nasomea sheria chuoni, na kila ninapofika nyumbani mjomba hunikumbusha kwamba mtu wa vitabu hawezi siasa, kwa sababu siasa humtaka aliyezoea vumbi la uwanjani na matusi yake. Nimesikia kwamba John Atta Mills wa Ghana alikuwa profesa kabla ya kuwa rais. Alifikaje Ikulu, na je, usomi ulimfaa au ulimkwamisha? – Msomaji, Kaunti ya Nakuru.

JIBU: Mwanangu, mjomba wako ana nusu ya ukweli, kwa hiyo usimbishie yote.

Atta Mills alizaliwa tarehe 21 Julai 1944 huko Tarkwa, mji wa machimbo ya dhahabu. Alisoma Achimota, akahitimu sheria mwaka 1967 katika Chuo Kikuu cha Ghana kilichoko Legon, kisha akaelekea London, ambako alipata shahada ya uzamifu akiwa na umri wa miaka 27 tu. Aliporejea alifundisha sheria Legon kwa karibu robo karne, akibobea katika sheria ya kodi. Hata baada ya kuingia siasani, Waghana wengi waliendelea kumwita “Prof”. Hakukaa darasani pekee, kwani alipewa pia usimamizi wa idara ya kodi ya mapato ya nchi, na kwa maoni yangu hapo ndipo alipoacha kuwa mtu wa vitabu tu: aliyefundisha kanuni za kodi sasa alilazimika kuzitekeleza, huku walipaji wakimtazama usoni. Rais wa wakati huo, Jerry Rawlings, alimteua kuwa mgombea mwenza wake katika uchaguzi wa 1996, na kuanzia Januari 1997 Mills akawa makamu wa rais.

Lakini cheo hicho hakikumsafishia njia. Mwaka 2000 aliwania urais akashindwa na John Kufuor katika duru ya pili, akampigia mshindani wake simu kumpongeza. Mwaka 2004 alirudi debeni, akashindwa tena na Kufuor yuleyule. Watu wengi waliona kwamba nyota yake imezimika, nao wapinzani walimsuta kwamba alikuwa kivuli cha Rawlings. Mills aliwania mara ya tatu.

Uchaguzi huo wa tatu, wa Desemba 2008, ndio ninaokusihi uusome kwa makini, wewe uliye Nakuru nami niliye Kisumu. Katika duru ya kwanza Nana Akufo-Addo, mgombea wa chama cha Kufuor, ndiye aliyeongoza, ila hakufikisha zaidi ya nusu ya kura, na duru ya pili ya tarehe 28 Desemba ikawaacha wawili hao wakiwa wamekaribiana mno hata mshindi hakuweza kutangazwa. Lilikuwa limebaki eneobunge moja la mashambani, Tain, ambako upigaji kura ulikwama kwa sababu ya matatizo ya karatasi za kura. Wakazi wa Tain walipiga kura tarehe 2 Januari 2009 huku taifa zima likiwasubiri. Nami nilisubiri hapa Kisumu nikiwa nimeinamia redio, kwa kuwa ulikuwa umepita mwaka mmoja tu tangu barabara ya Kondele, mtaa wa hapa Kisumu, ifungwe kwa mawe na magurudumu yanayowaka moto katika ghasia za baada ya uchaguzi wetu wa Kenya, na nilitaka sana kujua kama ndugu zetu wa Ghana watavuka pale tulipoangukia sisi. Walivuka. Mills alipata asilimia 50.23, mwenzake 49.77, tofauti ya takriban kura 40,000 katika kura milioni tisa. Akufo-Addo alikubali matokeo, na tarehe 7 Januari Kufuor akamkabidhi Mills madaraka, mtu ambaye yeye Kufuor alikuwa amemshinda mara mbili.

Kuhusu utawala wake, usomi ulimfaa na ulimgharimu pia. Alisikiliza kwanza na kupima maneno yake, hata wakosoaji wakamwona mzito wa kuamua, na Rawlings mwenyewe akawa miongoni mwa waliomlaumu hadharani. Mwaka 2011 Nana Konadu, mkewe Rawlings, aligombea naye tiketi ya chama, lakini wajumbe walimpa Mills zaidi ya asilimia 95 ya kura, jambo linaloonyesha kwamba yule aliyeitwa kivuli alikuwa amesimama kwa miguu yake mwenyewe. Ghana ilianza kuuza mafuta yake katika kipindi hicho, baada ya uzalishaji kuanza Desemba 2010.

Hakumaliza muhula. Alifariki tarehe 24 Julai 2012, siku tatu baada ya kutimiza miaka 68, akiwa anajiandaa kuwania tena Desemba. Siku hiyohiyo, kabla taifa halijamaliza kuambiana habari za msiba, makamu wake John Mahama aliapishwa mbele ya bunge jinsi katiba ilivyoelekeza.