Peleti za kuvulia karpu msimu wa baridi: andaa kidogo ila andaa vizuri

Wakuu, hii ni kwa nyie mlioingia Uingereza karibuni na mmeshaonja uvuvi wa mabwawa ya kulipia. Najua wengi mlianza kiangazi, mkawa mnatupa peleti, vile vidonge vya chakula cha samaki, kwa manati, samaki wanagombania, alafu Novemba imeingia na kila kitu kimekata. Mtu anasema bwawa limeisha samaki. Halijaisha, wapo palepale, ila saivi hawali vile na chambo chako bado ni kile cha Julai.

Karpu, ndo samaki tunayemvua kwenye haya mabwawa, mwili wake unafuata joto la maji, na hana tumbo la kuhifadhia chakula kama letu, alichomeza kinaingia moja kwa moja kwenye utumbo. Maji yakishuka chini ya nyuzi 10 hivi, usagaji unakuwa wa taratibu sana, kwaiyo akila punje chache ameshashiba na anaweza akakaa muda mrefu bila kugusa kitu. Ndo maana kwenye baridi wingi wa chambo hausaidii, kinachosaidia ni hizo punje chache ziwe laini, ziwe nyepesi kusagika, na zizame vizuri mpaka pale alipo.

Kwanza aina. Zile peleti nyeusi zinazoitwa za halibati (jina la samaki wa baharini), zinazong'aa mafuta, ziache mpaka maji yapate joto. Mafuta mengi samaki anapata shida kuyasaga kwenye baridi, alafu mafuta ya samaki yakipoa yanakuwa mazito, hayasambai majini, kwaiyo hata ile harufu uliyoilipia haifiki mbali. Chukua peleti za karpu zenye mafuta kidogo, milimita 2 za kumwaga na milimita 4 za kuweka kwenye ndoano. Ila kabla hujanunua chochote piga simu bwawani uulize, manake mabwawa mengi yanataka utumie peleti zao tu, unazikuta dukani kwao palepale. Na leseni ya kuvulia ya Environment Agency, yaani mamlaka ya mazingira ya serikali, uwe nayo, kuanzia miaka 13 ni lazima, ukikamatwa huna faini inaweza kufika pauni 2,500. Samaki unamrudisha majini, huku hatubebi kwenda kukaanga, hilo wageni wengi linawasumbua ila ndo utaratibu.

Hizi za milimita 2, tuziite maikro, zitie kwenye bakuli, mwaga maji yazifunike juu kidogo, hesabu dakika moja na nusu mpaka mbili, chuja maji yote kwenye chekeche, alafu funika uziache nusu saa. Hiyo nusu saa watu wanairuka na ndo yenye kazi yenyewe, unyevu ulioko nje unaingia ndani taratibu, zikiwa tayari unazitingisha zinaachana moja moja. Kama unavulia ufito mrefu, ule usio na rili, unataka ziachane hivyo. Kama unatumia fida ile ya kubandika chambo, kale kakifaa kazito kanakofungwa kwenye mshipi kubeba chambo mpaka chini, unataka zishikane ukibonyeza, kwaiyo nyunyizia maji kidogo tena kwa mkono, kidogo kidogo, usimwage, manake kwenye baridi ukizikandamiza sana zinakaa kwenye fida kama tofali na samaki mwenyewe hana nguvu ya kuzihangaikia. Jaribu pembeni hapo kwenye maji ya kina kifupi, tumbukiza fida uangalie, ndani ya dakika chache ziwe zimeshaanza kumong'onyoka.

Sasa ile ya milimita 4 ya ndoano, inaitwa ekspanda. Hii ni peleti yenye hewa nyingi ndani, ukiitupa kavu inaelea, kwaiyo lazima hewa itoke maji yaingie. Kuna pampu zake ndogo za mkono, kopo lenye mfuniko na mpini juu. Weka ekspanda mpaka robo ya kopo, usijaze manake zinavimba, ongeza maji ya vuguvugu zifunikwe kabisa, funga, vuta mpini mpaka uone mkono unakuwa mzito. Angalia pembeni ya kopo utaona vipovu vidogo vinatoka kwenye kila peleti vinapanda juu, vinazidi, mpaka maji yanakuwa na povu. Ziache hivyo dakika moja, alafu fungua vali hewa iingie kwa ghafla, hapo hapo utaziona zinashuka chini kundi zima. Kama kuna zilizobaki juu rudia tena, mara mbili inatosha. Zilizogoma kabisa zitupe, usije ukaiweka moja kati ya hizo kwenye ndoano ikaja kuelea ukakaa saa zima unavulia hewa.

Ukishamaliza ziache kwenye hayo maji dakika kumi hivi uzichuje. Chukua moja ibonyeze kwa vidole, inatakiwa ibonyee kama haragwe lililoiva, katikati isiwe na kokoto, na ikirudi isipasuke. Ukihisi kokoto zirudishe kwenye maji. Mimi naziandaa nyumbani usiku, manake ukifanyia bwawani Januari kwa maji ya bwawa yenyewe zinachelewa sana kunywa na vidole vyako vimeshaganda huwezi hata kuhisi ulaini. Asubuhi zibebe kwenye kopo lenye maji kidogo zisikauke na upepo.

Ndoano namba 18 isiyo na kijino (kile cha kuzuia samaki asichomoke), ipitishe katikati ya peleti, ncha itokeze kidogo tu. Mshipi mwembamba, maji ya baridi yanakuwa maangavu na samaki anaona.

Kumwaga ndo pana majaribu. Weka kikopo kidogo kwenye ncha ya ufito, tia maikro nane au kumi, mwaga juu ya boya lako, basi, tulia. Usiongeze mpaka upate samaki au boya liguswe. Ukipita muda hamna kitu usiongeze chambo, hama sehemu, sogea mita moja au mbili, au nenda kwenye kina kirefu, kwa sababu maji mazito kuliko yote ni yale ya nyuzi 4 na yanakaa chini, kwaiyo kukiwa na barafu juu na hakuna upepo wa kuyavuruga, chini kunakuwa na joto kuliko juu na samaki wanajikusanya huko. Wakijikusanya utapata kadhaa sehemu moja, alafu kimya, hapo ndo mtu anaingiwa na tamaa anamwaga kopo zima. Usifanye hivyo jamani, umeshawashibisha na siku imeisha.

Zilizobaki, maikro zenye unyevu zinalala kwenye friza ndani ya mfuko uliotolewa hewa, zitafaa wiki ijayo. Ekspanda zilizonywa maji mimi siziweki tena, zikiyeyuka zinapasuka kwenye ndoano. Na peleti kavu zihifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko mbali na jiko na dirisha, ukizinusa ukakuta zimechacha au zina ukungu tupa zote, karpu atazitema.