Saikolojia mwaka wa kwanza: jipimeni kwa visa, msikariri madesa

Wadogo zangu mlioripoti vyuoni hapa Moshi na jirani zetu wa Arusha, mkakuta utangulizi wa saikolojia kwenye ratiba: haya yawafikie kabla ya tesiti ya kwanza. Nimekaa na wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika somo hili, na wanaofeli wengi hufelia mahali pamoja. Maana za dhana wanazo kichwani neno kwa neno, lakini swali likija na kisa hawaioni dhana iliyomo ndani.

Chukueni uimarishaji hasi. Wengi wakiona hasi wanaandika adhabu, na hapo maksi zimekwenda. Uimarishaji, uwe chanya au hasi, huongeza tabia. Adhabu huipunguza. Kwenye uimarishaji hasi tabia inaongezeka kwa sababu kero fulani imeondoka.

Sasa nendeni soko la Mbuyuni siku ya Jumamosi. Mtoto anamlilia mama biskuti, anajitupa chini kando ya mafungu ya nyanya, watu wanageuka kutazama. Mama anavumilia weee, mwisho ananunua. Kilio kinakatika papo hapo. Nani kajifunza nini? Mtoto alilia akapata biskuti, kwa hiyo safari ijayo atalia tena: uimarishaji chanya. Mama alinunua, kelele na aibu vikamwondokea, kwa hiyo safari ijayo atanunua mapema zaidi: uimarishaji hasi. Kisa kimoja, wawili wamejifunza, na hakuna aliyeadhibiwa. Ukiweza kumweleza mwenzako hayo bila kuchungulia notsi, Skinner, mwanasaikolojia aliyechunguza jinsi matokeo yanavyoongeza au kupunguza tabia, umemwelewa.

Kwa Pavlov, aliyeonyesha kwamba mbwa hutokwa mate kwa ishara iliyozoeleka kuja na chakula, msiishie kwa mbwa na mate. Mtoto aliyechomwa sindano kliniki mara kadhaa huanza kulia akiona koti jeupe tu mlangoni. Sindano inauma yenyewe, haihitaji kufundishwa. Koti halikuwa na maana yoyote kwake mpaka lilipoandamana na sindano. Jizoezeni kuuliza: kipi kinaleta mwitikio chenyewe, na kipi kimeupata kwa kufuatana na hicho?

Piaget, mtafiti wa hatua za ukuaji wa akili ya mtoto, ana raha yake, maana unaweza kumpima nyumbani. Kama kuna mtoto wa miaka minne au mitano, weka maji kwenye vikombe viwili vinavyofanana, akubali kwamba yako sawa. Kimoja kimimine kwenye glasi nyembamba, ndefu, yeye akiona. Muulize wapi kuna maji mengi. Wengi wa umri huo huonyesha glasi. Msimcheke wala msimsahihishe, muulizeni kwa nini. Jibu lake litawakazia hatua ya Piaget ya miaka 2 hadi 7 kuliko ukurasa wowote.

Kuhusu namna ya kusoma, saikolojia yenyewe imeshatoa jibu. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja, waliojipima kwa kuandika wanachokumbuka ndio waliokuwa mbele. Kwa hiyo kurudia desa usiku wa kuamkia tesiti kunakupa hisia ya kujua, na UE (mtihani wa mwisho wa chuo) iko mbali. Funga daftari, chukua karatasi tupu, andika. Ndipo ufungue uone ulipopungukiwa.

Miaka na majina, kama Wundt na maabara yake ya saikolojia ya Leipzig, Ujerumani, mwaka 1879, ni kazi ya dakika chache. Msiipe usiku mzima.

Mnalopaswa kulipa muda ni tofauti ya uhusiano (mambo mawili kwenda pamoja) na usababishi (moja kulileta jingine). Hapa kwetu, kuanzia Juni vumbi linaongezeka, na wageni wa kupanda Kilimanjaro nao wanaongezeka. Je, wageni ndio wanaoleta vumbi? Vyote viwili vinafuata kiangazi. Mtahini akikupa mambo mawili yanayopanda pamoja, tafuta kwanza jambo la tatu, litaje kwa jina, kisha useme ni utafiti wa aina gani ungehitajika ili kuthibitisha chanzo.