Namba za tanbihi zinarudi 1 kila sura, nifanyeje?

SWALI: Dada, niko Mbale namalizia tasnifu ya mastazi ya historia, tunatumia mtindo wa Chicago wa kuonyesha vyanzo. Nimeunganisha sura zote kwenye faili moja la Word, sasa tanbihi zinaanza 1 kila sura na msimamizi anataka ziendelee mpaka mwisho. Zingine hata hazisogei nikiongeza mpya katikati. Na bibliografia, naweza tu kukopi tanbihi zote nikazibandika nyuma?

JIBU: Pole mdogo wangu, faili lako lina magonjwa mawili na dawa zake ni tofauti.

Hii ya kurudi 1 ni ndogo. Fungua menyu ya References, pale kwenye Footnotes kuna kamshale kwenye pembe ya chini, kabonyeze. Kwenye Numbering chagua Continuous halafu hakikisha chini imeandikwa Whole document, maana ukiiacha kwenye seksheni moja utaponya sura moja tu halafu urudi kunilaumu. Maliza na Apply, sio Insert, Insert itakutupia tanbihi tupu katikati ya sentensi.

Zile zisizosogea ndio kazi yenyewe. Hizo sio tanbihi, ni namba ulizoandika kwa mkono ukazipandisha juu zikawa ndogo. Zijaribu hivi: weka mausi juu ya namba utulie kidogo, ya kweli inakuonyesha maneno yake kwenye kiboksi, ya uongo inanyamaza. Kila ya uongo futa, simama hapohapo, bonyeza Ctrl+Alt+F, bandika maneno yake. Njia ya mkato ninayoiamini sina, juzi hapa Wandegeya kijana kaniletea mia na kitu za aina hii saa kumi na moja jioni na anawasilisha kesho yake, tulikula rolex (chapati ya kukunjia mayai) mbilimbili mpaka usiku tukizigeuza mojamoja.

Ukimaliza, zipitie Ibid zako zote. Ibid maana yake ni kilekile cha juu yake, sasa ukichomeka tanbihi mpya katikati, Ibid inageuka kusema kitabu kingine kabisa na Word haitakwambia kitu. Chicago wenyewe tangu toleo la 17, la 2017, wanapendelea jina la ukoo, kichwa kifupi na ukurasa. Mimi Ibid nazitoa zote labda msimamizi azing'ang'anie.

Bibliografia kwa kukopi hapana. Angalia kitabu kimoja tu, tuseme umenukuu ukurasa wa 23. Kwenye tanbihi:

Mahmood Mamdani, Citizen and Subject (Princeton: Princeton University Press, 1996), 23.

Nyuma kinakuwa:

Mamdani, Mahmood. Citizen and Subject. Princeton: Princeton University Press, 1996.

Jina limegeuka, mabano yametoka, koma kati ya jina na kichwa imekuwa nukta, ukurasa umeondoka, na kitabu kinatajwa mara moja hata kama umekinukuu mara arobaini. (Toleo la 18 la 2024 halidai tena mji, muulize msimamizi anafuata lipi.) Vichwa vya vitabu viwe italiki kote kuwili. Mstari wa pili kuingia ndani usiutengeneze kwa spesi, chagua orodha yote bonyeza Ctrl+T.

Halafu ndio upange A mpaka Z kwa kile kitufe cha Sort, ila usikiamini sana kwenye majina yetu. Huku Uganda mtu huyohuyo leo anaandika Nakato Grace kesho Grace Nakato, na wewe ukigeuza bila kufikiri unampeleka kwenye G, na akitokea mara mbili anakuwa watu wawili. Yule mshairi wetu Okot p'Bitek mimi namweka kwenye P, na nimeshamkuta kwenye O, kwenye B, na siku moja kwenye zote mbili ndani ya tasnifu moja.