Uliza Fundi: Ikishapata moto inakataa kuwaka

SWALI: Jambo Papa Fundi. Mjomba aliniachia Mercedes 280 SL ya 1979, ile ya kufungua juu, nyekundu, alikuwa anaitunza kuliko sisi watoto, mvua haijawahi kuilalia. Mwezi wa saba nataka kwenda nayo Kolwezi kwa ndoa ya dada. Asubuhi inawaka mara moja, lakini nikifika Ruashi nikaizima dakika kumi tu ninunue makala, nikirudi inazungusha zungusha mpaka batri inachoka. Fundi wa hapa kwetu anasema hiyo injeksheni ni ya kizamani, tuing'oe tuweke kabureta, dola 250. Nimupe?
Msomaji, Kamalondo

JIBU: Usimupe hata mia, ndugu yangu! Tena kama iko kwake leo, kaitoe kabla ya giza.

Gari yako haina injeksheni mbaya, ina K-Jetronic ya Bosch, injeksheni ya kimekanika, na ile inaishi kwa presha. Ukizima injini moto, esanse lazima ibaki imebanwa ndani ya tuyo, presha ikishuka inachemka na kugeuka mvuke, ndiyo maana ukirudi unazungusha hewa tupu. Asubuhi kila kitu kimepoa, kwa hiyo inawaka. Ingia chini nyuma, karibu na pompi ya esanse utaona kikopo cha chuma, ni akumuleta, ndiyo inashikilia ile presha ukizima, ndani yake mna springi na ngozi ya mpira. Chomoa ile tuyo nyembamba ya upande wa springi, injini ikiwa inanguruma: esanse ikitoka pale, ngozi imepasuka, nunua ingine. Pakikauka usishangilie bado, angalia vali ndogo kwenye pompi, nayo inaachia presha. Fundi mwenye manometa, kile kipimo cha presha, atakuambia kwa nusu saa. Na usivute sigara huko chini, najua nyie wa Kamalondo.

Safari yenyewe isikuogopeshe, Kolwezi ni kilometa 300 hivi na tangi yako inabeba karibu lita 90, jaza Lubumbashi usinunue ya bidoni njiani. Hiyo 107, ndiyo namba ya modeli ya gari yako, waliitengeneza toka 1971 mpaka 1989, zaidi ya 237,000, na ndugu yake SLC, ya juu iliyofungwa, ndiyo Hannu Mikkola, dereva wa rali wa Finlandi, alishinda nayo rali ya Côte d'Ivoire mwaka huohuo wa yako, 1979, Mercedes zikachukua nafasi ya kwanza mpaka ya nne. Vumbi wanalijua.

Mimi ninachoogopa ni mpira. Gari iliyotunzwa sana inazeeka imesimama, mjomba aliing'arisha rangi lakini tuyo za esanse na za maji zinakauka kimyakimya. Bonyeza kwa vidole, ukisikia inalia kama karatasi, toa. Matairi vilevile, ubavuni tafuta namba nne za mwisho baada ya herufi DOT, ndiyo wiki na mwaka wa kutengenezwa, 1209 ni wiki ya 12 ya 2009, yatakuwa bado na meno mazuri lakini usipande nayo.

Turubai la juu, kipwa kile cha mwezi wa saba na malori ya madini mbele yako, lifunge, utalifungua ukifika mjini bibi harusi akuone. Kile kioo cha nyuma ni plastiki, usifute vumbi kwa kitambaa kikavu, mwagia maji kwanza, la sivyo utaona Likasi yote kama ukungu.

Tuandikie ile tuyo nyembamba imetoa nini.